Msumeno wa Mjane

Matanga ya mumewe hayajaanuliwa vizuri, shemeji yake akawa keshaingia shambani na kamba ya kupimia. Ndipo watu walipombandika jina la Mpimaji. Alipima, akajipimia michungwa yote mizuri ya upande wa kisimani. Mjane akaachiwa ile ya mlimani, iliyokwisha kuanza kukauka ncha na kuvuja utomvu kwenye magome. Wakubwa wa ukoo waliona, wakajikohoza, wakaenda zao.

Ugonjwa ule hauna dawa. Mti ulioshikwa hukatwa ukachomwa, na msumeno huoshwa kwa klorini kabla haujagusa mwingine, maana unga wa mti mgonjwa ndio unaobeba maradhi. Mjane hakuwahi kuruka sharti hilo hata siku moja. Majirani walimtania kwamba huyu mama ataosha mpaka kivuli chake.

Asubuhi moja, ndio kwanza ameangusha mti mgonjwa, Mpimaji akatokea, meno yote nje.

"Shemeji, hebu niazime msumeno. Wangu butu, na leo nataka kupogoa shamba zima."

"Zima?"

"Lote. Umeshauosha lakini?"

Ndoo ya klorini ilikuwa hapo hapo miguuni, haijaguswa. Mjane akamkazia macho.

"Lini uliniona nimeacha?"

"Aa, wewe nakujua," Mpimaji akacheka, akauchukua.

Mjane akaketi juu ya kisiki. Aliitafuta aibu moyoni, hakuiona. Aliona raha tupu. Wanasema mwenye upele hapewi kucha. Yeye leo kapewa, na atajikuna mpaka basi. Mpimaji naye akae atazame majani yakigeuka manjano, mti baada ya mti, asijue amemkosea nani.

Sauti ikamfikia kutoka ng'ambo ya ua.

"Shemeji! Naanza na huu wa marehemu, ule wa kwanza!"

Moyo ukamlipuka. Mti huo mumewe aliupandikiza wiki waliyohamia hapo. Yeye alishikilia kikonyo kwenye shina, mumewe akazungusha utepe wa kuviunganisha, wakagombana na kucheka kutwa nzima. Akasimama. Neno moja tu, "Ngoja!", lingetosha.

Lakini mti ule sasa ulikuwa wa Mpimaji, kwa kamba na kwa mashahidi.

"Kata, shemeji!" akaita, machozi yakimchuruzika mpaka kidevuni. "Anza na huo huo, usiache hata mmoja!"