Uzi Chini ya Mlango

Nyumba yetu ya Ilomba ni chumba na sebule. Ukitaka kutoka chumbani lazima upite sebuleni, na dirisha lina nondo ambazo mwenye nyumba alizichomelea kana kwamba humu ndani tunaficha dhahabu. Naanza na nyumba kwa sababu bila hiyo hutaelewa kwa nini mwanamke mwenye akili zake timamu alishinda Jumapili nzima chumbani na ndoo.

Sebuleni alikuwapo baba mkwe. Jina lake silitaji, hata hapa. Mimi ni Mhehe wa Kihesa, Iringa, lakini nimeolewa na Ipyana, Mnyakyusa wa Tukuyu, na kwao mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe, haongei naye, wala hatamki jina lake. Zamani haikunisumbua, maana mzee alikaa kwake na mimi kwangu. Kisha akateleza mgombani akavunjika mguu, hospitali wakamfunga hogo la plasta kuanzia pajani mpaka unyayoni, wakamwambia akae karibu. Karibu ni kwetu. Siku za jua Ipyana au jirani yetu Esnath humtoa barazani, nami naponyoka kwenda jikoni uani. Siku za mvua naozea chumbani.

Na kompyuta yangu iko sebuleni, pembeni ya kochi lake.

Ni kompyuta ya ofisi iliyotumika, kasha lake jembamba, nami naitaka kwa kuchezea gemu la malori. Cheka ukitaka. Baba yangu alikuwa dereva wa malori, na nimekulia kwenye kiti cha pembeni, tukishuka mlima wa Kitonga huku akinikaririsha sheria yake: gia uliyopandia mlima ndiyo ya kushukia. Mdogo wangu Yusta, aliyebaki Kihesa, analo gemu hilo. Watu wawili wanaweza kuongozana humo kwenye barabara moja, kila mtu na lori lake, wakiongea. Tangu mzee aje sijatia mguu Iringa. Nilipomlilia Yusta kwenye simu akasema, basi dada, tukutane barabarani. Kilichokosekana ni kadi ya grafiki, ile inayochora picha. Bila hiyo skrini yangu ilikuwa inaganda, na Yusta ananisubiri njiani mpaka anachoka.

Girish ana duka la kompyuta Iringa, na kabla sijaolewa nilikuwa muuzaji wake. Alikuwa safarini kwenda Tunduma, akaniahidi kupita na kadi mbili zilizotumika. Nichague moja, nyingine aondoke nayo, ina mteja wake huko.

Alifika Jumapili hiyo, mvua inapiga bati. Nikamsikia akikung'uta viatu, akimwamkia mzee shikamoo, akikaribishwa chai. Simu yangu ilikuwa sebuleni kwenye chaji. Hata ujumbe nisingeweza kutuma.

"Dada Vene yuko wapi?" Girish akauliza. "Aje achague."

"Yupo ndani," Ipyana akasema, akashusha sauti. "Hawezi kutoka. Baba yupo."

Kisha mume wangu akafanya kile ambacho mtoto aliyelelewa vizuri hufanya penye mkubwa. Akamuuliza mkubwa.

"Baba, wewe unaonaje? Ipi itafaa?"

Nadhani mzee alikuwa anazipima mkononi. "Hii ndogo nyepesi mno. Kitu cha maana kina uzito. Na hii kubwa ina feni mbili. Chukua kubwa, mwanangu."

"Sawa, baba."

Sawa, baba! Nilitamani kuling'ata godoro. Kadi kubwa ni ndefu, isingeingia kwenye kasha langu hata ukiipaka mafuta. Tena inataka waya wake wa umeme, na kompyuta yangu waya huo haina. Ndogo inaridhika na umeme mdogo inaoupata pale inapochomekwa. Girish aliyajua hayo, nikamsikia akijaribu kistaarabu.

"Mzee, hiyo kubwa inakula sana umeme."

"Ng'ombe wa maziwa naye anakula sana," mzee akajibu, na Ipyana akacheka.

Nani angembishia mzee wa watu mbele ya mgeni? Ningepaza sauti, fedheha ingekuwa ya Ipyana, na ingefika Tukuyu kabla mvua haijakatika. Nikakaa kitandani nimeshika kichwa. Niliona hasira, halafu nikaona huzuni, maana kadi ile ndogo ikishafika Tunduma hairudi, na Yusta wangu ndiyo basi tena.

Girish akanywa chai yake. Kisha akasema, kama mtu anayepiga soga tu, "Hata sisi Wahindi tunayo hii, mzee. Mama yangu hakumwonyesha babu mzaa baba uso wake mpaka babu anakufa. Alikuwa anavuta sari mpaka hapa kidevuni."

"Sasa akiwa na neno la kusema?" mzee akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kujua kweli.

"Alikuwa anauambia mlango. Babu yuko upande wa pili, anasikia. Lakini aliyemwambia ni mlango, siyo mama."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Mimi nikautazama mlango wangu. Kusema sikuthubutu. Lakini chini yake palikuwa na upenyo, na kwenye kopo langu la cherehani kulikuwa na uzi ambao nilipimia kasha la kompyuta kwa ndani, fundo moja nimeliweka mwisho wa urefu. Nikalala kifudifudi kwenye saruji baridi, nikausukuma uzi kwa henga ya nguo mpaka ukatokea upande wa pili.

Nikasikia kikombe kikiwekwa chini.

"Mzee," Girish akasema, "mlango umetoa uzi."

Nikamsikia akiuokota, akifungua kasha, akiunyoosha humo ndani. "Fundo ndio mwisho wa nafasi. Hebu shika mwenyewe, uweke kwenye kadi."

Mzee huyu alijijengea nyumba yake Tukuyu kwa mikono yake, na kamba ya kupimia anaijua. Akaulaza uzi juu ya kadi. "Kubwa imepita fundo," akasema. "Kamba ikikataa, imekataa. Tuchukue ndogo."

"Sawa, baba," Ipyana akasema, kwa sauti ileile! Nikajiziba mdomo kwa khanga, nikalia kwa furaha. Girish akaifunga kadi papo hapo, akaaga, akaondoka mvua ikiendelea.

Nilidhani nimeshinda. Ipyana akawasha gemu kujaribu, na muungurumo wa lori ukaja mpaka kitandani kwangu, laini, hauruki wala haugandi. Nikasubiri mvua ikatike, mzee atolewe barazani.

"Hilo gari linaendeshwa?" nikamsikia mzee akiuliza.

"Ndiyo, baba. Bonyeza hapa."

Mvua ikaongezeka. Mzee akaondoka na lori langu.

Kisha spika ikapaza sauti ninayoijua kuliko zote. "Dada! Hatimaye! Nakuona nyuma yangu. Nifuate!" Alikuwa Yusta. Mzee hakujibu, Ipyana hakujua pa kujibia, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango nimeweka viganja viwili juu yake. "Dada, mbona kimya? Umenikasirikia?"

Muungurumo ukapanda. Walikuwa wameanza kushuka mlima, na mzee alikuwa anaachia tu. "Dada, unakuja kasi mno!" Yusta akapiga kelele. Mguu wangu ulikuwa unakanyaga breki kwenye saruji tupu.

"Gia uliyopandia ndiyo ya kushukia!" nikauambia mlango, kwa sauti yangu yote.

Nikafumba macho.

"Mwanangu," mzee akasema polepole, "mlango umesema tushushe gia. Zishushwe wapi?"

Ipyana akamwonyesha, kisha akakipata kitufe cha maikrofoni, akaiwasha. Injini ikakoroma, ikatulia. Nikakaa sakafuni, nikaweka mdomo karibu na upenyo.

"Kona ya kushoto," nikauambia mlango. "Asikate mapema."

"Sasa ndiyo wewe," Yusta akacheka. "Lakini sauti yako inatoka mbali, dada. Uko wapi?"

Nikamwambia niko nyuma yake tu, aendelee kushuka.