Spiriti ya Karakana ya Nne

Mpaka leo nikisikia jina la Dolgikh damu inanichemka, na asitokee mtu wa kuniambia nitulie.

Mimi Kapitolina nilikuwa mkaguzi wa vilipuzi vya makombora katika karakana ya nne ya kiwanda chetu cha kando ya mto Volga, mwaka wa sabini na nne. Watu wanadhani kombora la masafa marefu huigonga ndege. Thubutu! Ndege iko kilomita mia na zaidi huko, inakwenda mbio, nani ataigonga? Kombora linapita karibu tu, na hapo kilipuzi ndicho chenye kazi. Kinatoa mawimbi ya redio, mawimbi yanagonga bati la ndege na kurudi. Wakati wa kukaribiana mwangwi unarudi kwa sauti ya juu, kama honi ya treni inayokujia. Treni ikikupita, honi inashuka. Kilipuzi kinausikiliza ule mwangwi, na unapoanza kushuka kinajua sasa ndiyo karibu kabisa, kinalipua, vyuma vinatawanyika. Kikichelewa kufumba na kufumbua, ndege inakwenda zake.

Ndani mna viunganishi vya shaba vidogo kama punje za mtama. Kabla ya kufunikwa lazima vifutwe kwa spiriti safi, la sivyo baada ya miezi vinaota kutu ya kijani na kilipuzi kinakuwa kiziwi. Mfutaji alikuwa Rimma, mjane wa miaka thelathini na minne, mikono yake mizuri kuliko ya karakana nzima. Mimi nilipima na kugonga mhuri.

Spiriti yenyewe ilikaa kwa Dolgikh, msimamizi wetu, katika kabati lenye kufuli. Na kwetu spiriti haikuwa ya kufutia tu, ilinyweka na ililipia kazi kama pesa. Fundi bomba haji bila spiriti, dereva wa lori hapakii bila spiriti, na Dolgikh na wenzake kila Ijumaa walikuwa wanafuta nayo makoo. Iliyopungua walijazia maji ya bomba. Rimma alilalamika kwangu mwezi Machi, nikanusa chupa, nikajua. Lakini zilibaki siku tatu mwezi uishe na nusu ya mpango wa uzalishaji haijatimia. Nikamwambia afute tu. Vilipuzi vilipita majaribio ya mezani, nikagonga mhuri.

Septemba, kwenye uwanja wa shabaha, kombora lilipita mita kumi na mbili kutoka kwenye ndege isiyo na rubani. Mita kumi na mbili! Likanyamaza. La pili likanyamaza vilevile. Meja Chuprov wa jeshi akaja na vilipuzi vya kundi lile la Machi sandukuni, akavifungua mbele yetu, viunganishi ni kijani kitupu.

Dolgikh hakuona hata haya. Alisema mfutaji ana mikono ya jasho na hakuvaa glavu. Mtu mzima ovyo! Rimma alikuwa anavaa glavu mpaka vidole vinachubuka. Na lililokuwa hatarini kila mtu alilijua. Jengo jipya la nyumba za wafanyakazi lingefunguliwa Novemba, na Rimma ndiye wa kwanza kwenye orodha ya nyumba, baada ya kungoja miaka tisa katika chumba kimoja na watoto wawili na mama mkwe, jiko likigombaniwa na familia sita. Mwenye hatia ya kundi bovu anafutwa kwenye orodha.

Meja na watu wake wakamhoji wiki mbili. Akawaambia spiriti ilikuwa maji, muulizeni shangazi Kapa, ndivyo alivyoniita kwa heshima. Wakaniuliza. Nikasema sijui kitu. Ndiyo, mimi. Niliogopa kuupoteza mhuri wangu, nikajidanganya kwamba yatapita.

Kisha Dolgikh akanifuata kantini, akaketi bila kukaribishwa mbele ya supu yangu ya kabichi. Akanikumbusha, kwa sauti laini, kwamba wa pili kwenye orodha ni mimi.

"Umefanya vizuri kunyamaza, Kapitolina Yegorovna," akasema. "Endelea hivyohivyo, na funguo za Rimma ni zako."

Nilitamani kummwagia supu usoni. Yaani alinihesabu kuwa mwenzake! Nikaondoka na njaa yangu.

Kesho yake, mkutano wa karakana nzima, Dolgikh amesimama anasoma makosa ya Rimma. Nikainuka, nikachukua chupa kutoka meza ya Rimma, nikaimimina kwenye kisahani mbele ya Meja, nikawasha kiberiti, nikakichovya humo. Kikazimika. Cha pili, kikazimika. Meja akaagiza kabati lifunguliwe, na ya humo nayo ikagoma kuwaka.

"Rimma amepewa maji afutie, ndugu Meja," nikasema. "Nilijua tangu Machi, na mhuri ule ni wangu."

Dolgikh akaondolewa. Mimi nikanyang'anywa mhuri, nikapewa ufagio, na jina langu likafutwa kwenye orodha. La Rimma likabaki.

Novemba nikapanda kwake ghorofa ya nne na mkate na chumvi, kama inavyopasa mtu akihamia. Sikatai, nilitarajia kukumbatiwa. Watoto walikuwa wanakimbizana ndani, kuta bado zinanuka rangi. Rimma akasimama mlangoni, hakunipisha.

"Shangazi Kapa," akasema, "nilipokutaja kwa wale watu nililala usingizi siku ile. Nilijua umenishika mkono. Asubuhi wakanisomea jibu lako."

Nikaanza kusema ya kiberiti, ya ufagio, ya nyumba niliyoikosa.

"Nimesikia," akasema. "Asante."

Akaupokea mkate, akafunga mlango taratibu. Nikashuka ngazi nikimtukana Dolgikh kwa sauti, ghorofa zote nne, majirani wakachungulia. Chini nikaketi kwenye theluji nikalia kwa hasira, kwa sababu aliyemkana Rimma hakuwa Dolgikh.