Maziwa ya Alfajiri

Nyachuol aliamka na ladha ya maziwa mdomoni, asijue ameyanywa au ameyaota.

Ndotoni alikuwa juu ya tishali lililotoka bandari ya Juba, likishuka na mto taratibu kuelekea kaskazini, na maji yote yalikuwa meupe. Mama yake, Nyaruot, alikuwa amepiga magoti kando, amemwinua kichwa, akimwambia kwa Kinuer kwamba mtu hasafiri na koo kavu, kunywa mwanangu. Akanywa. Yalikuwa matamu, yana harufu ya moshi wa kibuyu. Alipofumbua macho akaona kitanda cha hospitali, pangaboi linazunguka, na mama huyo huyo kwenye mkeka, mikono mapajani, uso wa mtu asiyejua lolote.

"Mama, umenipa maziwa?"

"Nani? Mimi? Umeota. Lala."

Akalala. Usingizi wa mwenye hofu ni mtamu, jamani! Asubuhi hiyo angepasuliwa ini. Miaka mitatu nyuma alikuwa na doa jeusi chini ya unyayo, akadhani ni mwiba wa mtaani kwao Gudele uliomzeekea humo, akavaa soksi na kwenda zake kazini, mapokezi ya hoteli moja kule Thongpiny. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Doa lilipokuja kukatwa, saratani ilishatuma mbegu, na sasa ilikuwa imeota kwenye ini. Daktari Wani, aliyekuja kutoka ng'ambo kwa wiki moja tu, hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Madoa ni mawili, alimwambia, na yako mahali panapokatika. Ini likikatwa huota tena. Ila siwezi kukuapia kwamba ugonjwa hautarudi. Nyachuol aliukubali upasuaji kwa mikono miwili, maana wengi hawapati hata hiyo nafasi, na ndege ya daktari ilikuwa inaondoka kesho yake asubuhi.

Jua lilipotoka, muuguzi Flavia, Mganda mwenye sauti ya kuuzia nyanya, aliingia. "Dada, wewe iko na kitu umekula? Chai? Maziwa? Usinifiche. Mtu akipewa dawa ya usingizi na tumbo iko na kitu, ile kitu inapanda, inaingia kwa mapafu, anakufa."

Nyachuol akamtazama mama. Mama akatazama ukuta.

"Mama, sema kweli," Nyachuol akamwambia.

"Hakula kitu," Nyaruot akasema.

Nyachuol hakuuliza tena. Alitaka kuishi, alitaka mno, na ndoto ni ndoto. Wakamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu. Taa za dari zikampita juu ya uso moja moja, naye akaona kama yuko tena kwenye tishali, kingo zinarudi nyuma, watu wanapunga mikono. Alikuwa karibu kusinzia.

"Simameni! Nilimpa! Kikombe kizima!"

Nyaruot alikuwa amejitupa mbele ya magurudumu, shuka limemvuka bega.

"Mungu wangu!" Flavia akaruka. "Mama, wewe unataka kuua mtu?"

Daktari Wani akatoka chumba cha upasuaji na barakoa yake, akauliza saa ngapi. Saa kumi na moja alfajiri, mama akajibu, hawezi hata kuinua macho. Daktari akahesabu kwa vidole. "Maziwa yanataka masaa sita. Mgonjwa wa pili aingie kwanza. Huyu nitamfanya saa saba mchana." Akarudi ndani bila kugomba.

Nyachuol akainuka kitandani kwa hasira. "Ulinidanganya macho makavu, mama! Ningekufa mle ndani!"

"Niliogopa daktari atapanda ndege yake kabla hajakupasua." Nyaruot aliushika mguu wa mwanawe, ule wenye kovu, akauweka mapajani. "Kaka yako Koang alipougua kambini kule Kenya, daktari aliniuliza nimempa nini. Nilikuwa nimempa dawa ya mizizi. Nikaogopa kufokewa, nikasema sikumpa kitu. Hakufika jioni. Mwaka uliofuata ukazaliwa wewe, tukakuita Nyachuol, mtoto wa kumfidia aliyekufa. Hata baba yako sikumwambia. Leo nimeulizwa tena, nikasema uongo ule ule. Ulipokaribia mlango nikaona miguu yako kama miguu ya Koang siku ile. Wewe ndiye fidia, mwanangu. Ukienda wewe, mimi nitafidiwa na nani?"

Miaka thelathini na miwili Nyachuol ameitikia jina hilo, na hakuwahi kuambiwa hayo. Hasira ilimtoka, akabaki na huruma iliyomuuma kuliko hasira. Walikaa hivyo hivyo, mguu mapajani, hadi saa saba Flavia alipokuja kumchukua.

"Mama," Nyachuol akasema kitanda kilipoanza kwenda, "Koang amekusamehe. Na mimi nimekusamehe."

Hapo ndipo Nyaruot alipolia, kilio alichokiweka miaka yote hiyo, na Flavia akasimamisha kitanda mpaka amalize.