Majirani wa Bi Radi

Kazi yangu ni kusema. Shangazi yangu ana banda la kuonyeshea filamu. Zamani lilikuwa ghala la magunia, na sasa lina mabenchi kumi na mawili, projekta moja na ukuta uliopakwa chokaa. Mimi hukaa kwenye stuli pembeni ya ukuta huo, kipaza sauti mkono wa kulia, kitufe cha sauti mkono wa kushoto. Mtu wa kwenye filamu akizungumza, namshusha yeye na kusema mimi kwa Kiswahili. Wakianza kupigana, nawapandisha. Watu huja kutazama filamu, lakini wakitoka hurudia maneno yangu. Sijisifu. Hayo aliyasema kinyozi, naye hanipendi.

Aliyenifundisha kazi hii aliniachia kanuni moja: usiache sauti bila mwenyewe. Mbwa akibweka, taja ni mbwa wa nani. Mlango ukigongwa, taja anayegonga, hata kama humjui, maana watazamaji wakishaanza kuulizana wao kwa wao, umewapoteza. Kwa miaka minne nimeifuata kanuni hiyo bila kosa. Kama kosa lilikuwapo, halikuletwa kwangu.

Filamu iliyojaza banda kuliko zote ni ya Bi Radi. Jina lake kwenye filamu ni refu na halina ladha. Hili la Bi Radi nilimpa mimi. Anatoa umeme viganjani. Msimu wa kwanza alipasua daraja. Msimu wa pili alisimamisha treni kwa bega. Msimu wa tatu ulipofika, Jumamosi saa tisa alasiri, watu walijaa hadi wengine wakakaa sakafuni mbele ya benchi la kwanza.

Picha ikaja haina rangi. Ilikuwa ya mraba, nyeusi na nyeupe, kama za enzi za babu zetu. Bi Radi alikuwa jikoni, amevaa gauni pana na aproni, nywele zimepangwa ghorofa ghorofa, anaoka mkate. Akauunguza. Watu wakacheka.

Wa bandani hawakucheka. Wa bandani walikuwa wametulia kama wanaosomewa majibu ya hospitali. Kicheko kilitoka kwenye spika: watu wengi, wanaume kwa wanawake, wanaanza pamoja na kunyamaza pamoja.

"Projekta imekufa," kinyozi alisema kutoka benchi la nyuma.

"Projekta nzima," Shangazi alimjibu akiwa mlangoni.

"Na rangi je?"

"Rangi muulize aliyetengeneza."

Ukutani Bi Radi akaangusha sahani. Wakacheka tena. Nikamtafuta anayecheka kila kona ya ile picha. Jikoni mlikuwa na mwanamke mmoja, meza na jiko. Kule bandani shingo zilishaanza kugeukiana. Nilikuwa na nafasi ya pumzi moja.

"Majirani hao," nikasema kwenye kipaza sauti. "Wanamchungulia dirishani."

Shingo zikarudi mahali pake. Tangu hapo, kila kicheko kikija, nilikuwa na mtu wa kumpa. Mwenye kicheko chembamba nikamfanya mke wa mwenye nyumba. Mwenye kicheko cha kukohoa nikamfanya mstaafu wa reli, ambaye ana kinyongo juu ya ile treni. Filamu ilipoisha, Bi Radi hakuwa amepiga mtu hata kofi, ila mtaa wake ulikuwa na wakazi kumi na mmoja, wote kazi yangu.

Jioni ile mtaa wetu nao ukagawanyika. Kinyozi alikuwa akinyoa kichwa cha fundi baiskeli, na aliponiona napita akasimamisha mashine.

"Wewe Mdomo, njoo hapa. Mtu kasimamisha treni kwa bega. Leo anachekwa na mzee wa reli, naye anafuta sahani tu. Umeme uko wapi? Mikono si anayo?"

"Mimi natafsiri tu, kaka."

"Basi mtafsirie na yeye. Mwambie awachape."

Nusu ya mtaa ilikuwa upande wake. Kwao, msimu wa tatu ulikuwa dharau, na waliotengeneza filamu walikuwa wameishiwa petroli.

Nusu nyingine ilikusanyika kwa fundi cherehani, mama mmoja anayeshona sare za shule karibu na banda letu. Aliniita, sindano mbili zikiwa midomoni, na alizungumza bila kuzitoa.

"Mwanangu, ile filamu ni nzuri. Daraja hata greda linavunja. Lakini kuchekwa dirishani, na mkate umeungua, na bado unaanza unga mwingine? Hilo sijawahi kuliona kwenye filamu zenu." Akakanyaga cherehani, akaisimamisha. "Nilipofungua hapa, sare za kwanza nilizishona mikono yote ya kushoto. Darasa zima. Wa mtaa huu walinicheka mpaka muhula ukaisha. Basi leo nilipowasikia wale majirani, niliwajua mmoja mmoja."

Nilijivuna kidogo, kusema kweli. Watu niliowatunga kwa pumzi moja walikuwa wamejulikana mmoja mmoja.

Shangazi hakujivuna. Kinyozi na wenzake walikuwa wametoka kabla ya mwisho, mabenchi manne mazima.

"Nakupa Jumamosi mbili," aliniambia huku akipanga mabenchi. "Mabenchi yakibaki wazi, naleta filamu zilizokwisha kutafsiriwa huko huko zinakotoka. Hizo hazihitaji mtu kwenye stuli. Wewe utaenda dukani kwa mjomba wako, ukauze misumari."

"Shangazi, mimi na misumari?"

"Misumari haibishani na wateja."

Nimwogope mjomba wangu kwa nini? Simwogopi. Lakini kwenye duka lake mtu hutaja inchi ngapi, unampa, anaondoka. Siku nzima hakuna anayekusikiliza. Nilijiona nimesimama pale na mdomo wangu huu, nikahisi baridi.

Mwalimu mstaafu alinikuta Jumatano nikifuta vumbi kwenye lenzi. Ni mtu wa kukaa benchi la pili, mkono wa kulia, na hachelewi.

"Kijana," akasema, "wale majirani hawapo."

"Wapi?"

"Popote. Kile ni kicheko cha mkebe. Zamani vichekesho vya televisheni vilikuwa hivyo. Watu wanarekodiwa wakicheka, kisha kicheko kinabandikwa kwenye filamu ili mtazamaji ajue wapi pa kucheka."

"Na asiyejua pa kucheka anatazama kichekesho ili iweje?"

"Hata sisi tulijiuliza. Lakini hawa wa sasa wameiga zamani kwa makusudi. Wana mahali wanapotupeleka. Ukiweka majirani hapo, unawaharibia."

Alikuwa anasema kweli, na nilijua anasema kweli, na hilo ndilo lililoniwasha.

"Mwalimu," nikasema, "kazi yangu ni sauti. Yako ilikuwa chaki."

Alinitazama kama daftari lisilo na jina. Kisha akaniaga vizuri tu, akaenda zake.

Jumamosi ya pili nyumba ya Bi Radi ilikuwa imepata sofa mpya na simu ya ukutani. Mambo yalikuwa yamesogea mbele kama miaka kumi, ila rangi bado. Bosi wake alikuja kula chakula cha jioni, na Bi Radi akawa anamficha asijue kuwa mwenyeji wake anatoa umeme. Kila alipogusa uma ukatoa cheche, majirani walicheka.

Mabenchi yalikuwa yamejaa. Kinyozi alirudi na mabenchi yake yote manne, na hawakuja kumtazama Bi Radi. Walikuja kupambana na majirani.

"Fungeni dirisha hilo," walisema kicheko kilipokuja. "Nendeni mkapike kwenu."

"Tulieni nyie, tunataka kusikia," wa upande wa fundi cherehani wakawajibu.

"Wewe mzee wa reli, pensheni yako haikutoshi?"

"Mwacheni mama wa watu ahudumie mgeni wake."

Sijawahi kuona banda lile likiwa hai namna ile. Nilimwongeza jirani wa kumi na mbili, mpangaji mpya mwenye deni la chumvi. Mwalimu alikaa benchi la pili na mikono amekunja.

"Hao majirani wako," Shangazi aliniambia baadaye, "wiki ijayo waongeze." Na akanipa soda, jambo ambalo kwake ni hotuba.

Ndivyo tulivyofika Jumamosi ya tatu, mabenchi yote kumi na mawili yakiwa hayana hata nafasi ya mtoto. Rangi zilikuwa zimeingia: kapeti la chungwa, pazia la kijani. Bi Radi alikuwa anafagia. Mlango ukagongwa. Akafungua, akaingia mwanamke mgeni, ameshika bakuli lililofunikwa.

Nikatafsiri. Amehamia jana. Ameleta kitu kidogo, wafahamiane. Halafu yule mgeni akasema maneno mengine, polepole, na nikayasikia yote, na sikufungua mdomo.

Alisema: mtaa wenu wa ajabu. Nimezunguka kutafuta wa kuzungumza naye. Nyumba zote ni tupu. Miaka mingi hakuna aliyeishi hapa ila wewe.

Hapakuwa na kicheko. Spika zilitoa sauti ya upepo tu. Bi Radi aliuacha ufagio ukaanguka, akageuka taratibu, akatazama kule ambako vicheko vilikuwa vikitokea siku zote. Alikuwa anatutazama sisi. Akauliza swali moja fupi.

"Mdomo, kasema nini?" kinyozi aliuliza.

Ningeweza kusema lolote. Ningeweza kusema mgeni kaleta maharage. Nilimwona Shangazi mlangoni akihesabu vichwa kwa macho, ameridhika. Lakini yule mwanamke ukutani alikuwa ameuliza swali ambalo filamu nzima ilikuwa ikilitafuta tangu ule mkate, na mwenye kulipokea kwa niaba ya watu wale nilikuwa mimi peke yangu. Nikilimeza, limemezwa.

"Mgeni anasema nyumba zote za mtaa huu ni tupu," nikasema. "Anaishi Bi Radi peke yake. Na Bi Radi anauliza: basi nani walikuwa wanacheka?"

Kisha fundi cherehani akasema, "Mwanangu, hilo unatuuliza sisi?"

Nikasimamisha filamu. Uso wa Bi Radi ukabaki ukutani, mkubwa kama mlango.

"Majirani hawakuwapo," nikasema. Nilikuwa bado nimeshika kipaza sauti, kwa hiyo nilisikika mpaka nje. "Niliwatunga. Sikujua kicheko ni cha nani, nikaona aibu kunyamaza. Ni kicheko cha kurekodiwa. Mwalimu aliniambia Jumatano ile, nikamjibu jeuri. Mwalimu, naomba radhi."

"Endelea," Mwalimu alisema.

"Nimemaliza."

Kinyozi alisimama. "Subiri. Yule mzee wa reli?"

"Hayupo."

"Nimemtukana mpaka ukoo wake."

"Nilisikia, kaka."

"Na kinyongo cha treni?"

"Changu."

Alikaa. Akasimama tena. "Umetudanganya Jumamosi mbili, Mdomo. Nakwambia mbele ya watu."

"Ni kweli."

Nilimtazama Shangazi. Hakuwa akitazama mabenchi tena. Alikuwa akinitazama mimi, na uso wake haukuwa na bei. Nikaanza kujikumbusha ukubwa wa misumari. Inchi mbili, inchi tatu, ya bati.

Fundi cherehani alikuwa hajaondoa macho ukutani.

"Kwa hiyo siku ile ya mkate," akasema, "alikuwa peke yake."

"Ndiyo, mama."

"Hakukuwa na wa kumcheka."

"Hapana."

"Hata wa kumwona. Mimi wangu walikuwapo. Walinicheka, lakini walikuwapo. Nikikosa chumvi walinipa."

Hapo mabenchi yakagawanyika upya, na safari hii waliochanganyika walikuwa wale wale walioshindana. Wengine walitaka turudi mwanzo, tutazame sehemu zote upya bila majirani, na aliyewaongoza ni kinyozi.

"Rudisha. Mimi sijaiona filamu hii. Nimeona mzee wa reli tu."

"Sirudi kule jikoni," fundi cherehani akasema. "Nimeshajua alivyo. Nataka kujua huyu wa bakuli katumwa na nani."

"Bila msingi utajuaje?"

"Wewe msingi ulikuwa unautukana."

Wakabishana kwa muda wa kunyoa vichwa viwili. Hakuna aliyetoka. Mwishowe Shangazi akaingia mpaka katikati, jambo ambalo halifanyi ila benchi likivunjika.

"Wa kurudi mwanzo, mikono." Akahesabu. "Wa kuendelea." Akahesabu. Wa kuendelea walizidi kwa wawili, na mmoja wao alikuwa fundi baiskeli, aliyeepuka macho ya kinyozi. "Tunaendelea. Wa kurudi mwanzo waje Jumapili, saa tisa."

Kisha akanigeukia.

"Na wewe. Ukikosea, unasema siku ile ile, hungoji Mwalimu aje Jumatano. Umenisikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

"Na Jumapili uwahi. Usiniache na watu hawa peke yangu."

Nikaiwasha tena filamu. Bi Radi akamwambia mgeni aketi. Mgeni akaketi kwenye kapeti la chungwa, akafunua bakuli, akataja kilichomo kwa neno moja. Nikalisikiliza. Nilikuwa na pumzi yangu ile ile moja.

"Hilo neno silijui," nikasema kwenye kipaza sauti.

Vichwa vikageuka benchi la pili.

"Hata mimi," Mwalimu alisema.

"Basi ruka," kinyozi alisema. "Tunakusikiliza."

Nikaruka.