Samaki Namba Thelathini na Nne

Namba thelathini na nne tulimla sisi. Tuseme ukweli wote: mimi nilionja, mwanangu ndiye aliyemla. Asubuhi nilimkata samaki huyo kazini kwenye meza ya bati, nikatoa kipande cha mnofu kama kidole gumba, nikakiandika namba na kukitia kwenye friza ya sampuli. Kilichobaki nilikifunga kwenye gazeti, nikaenda nacho nyumbani, nikakipika na nyanya na ndimu.

Ndiyo kazi yetu ilivyo. Maabara yetu inapima samaki wa sokoni kama wana madini yenye sumu. Mashine inataka kipande tu, samaki mzima anabaki, na katika miaka yangu kumi na moja hapo sijaona mtu akimtupa aliye salama. "Mnofu wa mashine, kilichobaki cha sufuria," husema bosi wetu, tunayemwita Mizani kwa sababu hata sukari ya chai anaipima. Zamani majibu yalitoka siku ileile, na waliokuwa safi tuliwabeba bila wasiwasi.

Kisha mashine inayopima zebaki ikaharibika. Miezi mitano tulisubiri taa yake mpya ya kupimia. Tuliendelea kukata, kuandika namba na kugandisha vipande tusivyoweza kuvipima. Na kubeba nyumbani tuliendelea vilevile. Hapo ndipo akili zetu, sisi tunaojiita wataalamu, zilipokwenda likizo.

Taa ilifika Jumatatu. Jumatano asubuhi karatasi ya majibu ikatoka. Samaki wadogo, salama. Wale wakubwa wanaokula wenzao, karibu wote juu ya kiwango kinachoruhusiwa. Namba thelathini na nne, mara nne ya kiwango. Nilisoma mstari ule nimesimama, nikakaa, nikasimama tena.

Mwanangu ana mimba ya miezi saba. Mumewe anafanya kazi mbali, kwa hiyo anakaa kwangu mpaka ajifungue. Samaki hata hampendi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsimamia kichwani na sahani: kula, mwanangu, samaki anamjengea mtoto ubongo. Na zebaki ya mama inamwendea wapi mtoto aliye tumboni? Kwenye ubongo huohuo. Jambo hilo nimewafundisha wanafunzi wanaokuja kwetu kujifunza kazi, nimewachorea mpaka ubaoni. Ningeweza kujizaba kofi.

Mchana ule nilirudi mapema, lakini nyumbani hapakukalika. Nilikunja nguo, nikazikunjua, nikazikunja tena.

"Mama, una nini?" mwanangu akauliza. "Hiyo meza umeifuta mara tatu."

"Sina kitu. Njoo nikusuke."

Alikaa sakafuni, mgongo kwangu, akashukuru kabisa, maana kuinua mikono kulikuwa kunamchosha. Zebaki ya mwilini inaingia kwenye nywele zinapoota, na nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Nilichukua shungi dogo kisogoni, nikalifunga uzi upande wa shina ili nisichanganye mwanzo na mwisho, nikalikata karibu kabisa na ngozi.

"Umekata nini?"

"Ncha tu, zimekufa."

Nilimdanganya hivyohivyo, mkasi mkononi, nikaendelea kumsuka mistari iliyonyooka.

Alhamisi nikalikata shungi lile vipande saba, sentimita kwa sentimita. Mizani akaja kusimama nyuma yangu.

"Mama Kisu," akaniita kwa jina langu la kazini, "nywele za nani hizo?"

"Za mwanangu."

Alivua kofia, akapapasa upara wake. "Wewe angalau una cha kupima," akasema. Nilidhani anatania, mpaka alipoongeza kwamba mkewe ananyonyesha, amekula samaki haohao, na kichwa amekinyoa. Akavuta kiti, akakaa, tukaitazama mashine pamoja.

Vipande viwili vya mbali na kichwa, vya miezi ile mashine ilipokuwa nzima, vilikuwa chini. Vitano vilivyofuata vilipanda, kila kimoja juu ya mwenzake. Miezi mitano ya mapishi yangu ilikuwa pale. Haikuwa namba ya kumlaza mtu kitandani. Ilikuwa namba ambayo kwayo mtoto anaweza kuchelewa kusema, au asichelewe, au akahangaika na hesabu darasani na hakuna atakayejua kwa nini. Huko kutojua ndiko kulikokuwa kunanila.

"Ripoti ya soko tuandikeje?" Mizani akauliza.

"Tuandike tulichokiona. Ukiniuliza tena nitaiandika peke yangu."

Akaisaini siku hiyohiyo. Sina la kumlaumu hapo.

Ijumaa nilipika maharage na wali, nikampakulia mwanangu, nikakaa mbele yake na kumwambia yote: samaki, mashine, nywele. Kijiko kilibaki mkononi mwake.

"Ulijua lini?"

"Jumatano."

"Leo Ijumaa."

"Nilitaka uhakika kwanza."

"Kwa hiyo kule kunisuka..." Akapeleka mkono kisogoni, akapagusa pale nilipokata.

"Nisamehe. Kesho tunakwenda kliniki, nitabeba majibu yote. Ukiacha kula samaki wale zebaki inashuka. Inapungua nusu kwa kama miezi miwili."

"Miezi miwili najifungua, mama."

"Najua."

"Nusu?"

"Nusu, mwanangu."

Alitazama tumbo lake, kisha sahani. Hakulia. Ningeshukuru kama angelia, au angenitukana, kwa maana hapo ningejua la kufanya. Aliyageuza maharage kwa kijiko, polepole, kama anatafuta jiwe.

"Na haya umeyapima?"

Maharage nilikuwa nimeyanunua dukani kama mtu yeyote. Nilisema hapana. Aliisogeza sahani mpaka upande wangu wa meza, akainuka kwa shida, mkono kiunoni, akaenda kujipikia mwenyewe. Nilimfuata nimsaidie. Akafunga mlango wa jikoni taratibu, nami nikabaki nje.