Ngitili ya Jenipher

Ng'ombe wa mfugaji Shimba walipokanyaga kwa mara ya pili miche ya miti ambayo skauti wangu walipanda kushikilia kingo za mto, wazazi walikuja shuleni wamefura. Mzee Pastory, ambaye shamba lake la vitunguu huliwa na Mto Mkondoa kila unapofurika, hakuuma maneno.

"Mwalimu, huyo mtoto wa mfugaji avue skafu. Mtoto anapanda, baba anakanyaga. Tunachezewa hapa!"

Jenipher, binti wa Shimba, alikuwa nyuma yangu. Ana miaka kumi na miwili, na tangu nianzishe kundi la skauti hapa Kidete hakuna aliyebeba ndoo za maji kumshinda. Nilikasirika.

"Siku akivua yeye, na mimi navua yangu. Mtatafuta mlezi mwingine."

Wakanipa hadi Jumamosi niwe nimepata njia ya kuwazuia hao ng'ombe. Wazazi wa hapa ni waungwana, mradi uwatajie siku.

Jioni nilifuatana na Jenipher hadi kwao. Hotuba nilikuwa nayo, tena kali, lakini aliniomba nimwachie yeye.

"Shikamoo baba," alisema akipiga goti.

"Marahaba. Umekuja na mwalimu, basi kuna kesi."

"Ng'ombe wamekanyaga miche tena. Na kibao tuliweka."

"Ng'ombe hasomi kibao. Halafu mmepanda katikati ya njia yao ya kwenda majini. Wapite wapi, hewani?"

Hotuba yangu ikaishia hapo. Tulikuwa tumepanda mstari ulionyooka kama gwaride, tukaupiga na picha, wala hakuna aliyekumbuka kwamba ng'ombe hunywa maji.

"Njia tutawaachia," alisema Jenipher. "Lakini baba, nyuma ya boma una ngitili."

Ngitili ni nyasi ambazo Wasukuma huzifunga masika yote ili mifugo ipate malisho kiangazi.

"Haina kibao wala uzio," aliendelea. "Mbona ng'ombe hawaingii, hata wa jirani?"

"Kwa sababu nimesema."

"Basi sema hivyo na kule mtoni."

Shimba alimtazama mwanawe. "Ngitili hufunguliwa kiangazi. Yenu mtafungua lini?"

"Hatufungui. Nyasi zake tutakata kwa mikono, tukuletee."

"Nani atakata?"

"Mimi. Hata wenzangu wakikataa."

Wenzake hawakukataa, ingawa walinuna. Jumamosi waling'oa miche iliyoziba njia na kuihamishia pembeni. Mzee Pastory alikuja kukagua.

"Ng'ombe wakiingia tena, skafu inavuliwa," alisema. "Sina mjadala."

Kiangazi kilikuja kikali. Nyasi zikaisha kila mahali isipokuwa kati ya miche yetu, na kila alasiri watoto walishuka na mundu wakarudi na mizigo kichwani, Jenipher mbele. Haikutosha. Ndama wa Shimba walitokeza mbavu, na mimi nikaanza kuogopa. Baba gani ataangalia mifugo yake ikikonda kando ya majani mabichi?

Asubuhi moja, nikikimbilia shuleni kwa kuchelewa, nilisikia kelele mtoni. Mfugaji mgeni alikuwa anageuza kundi lake kuelekea kwenye miche. Shimba alikuwa amesimama mbele yake, fimbo ameikamata kwa mikono miwili.

"Hapa haingii ng'ombe," alisema. "Wangu wenyewe hawaingii. Hii ni ngitili."

"Ngitili ya nani? Mbona simwoni mtu?"

"Mwenyewe yupo shuleni."