Arobaini kwa Arobaini

Wenzake walianza kumwita binti huyo Profesa siku matokeo ya mtihani wa majaribio yalipobandikwa ukutani: Hisabati, arobaini kwa arobaini. Hakuna mtoto wa darasa la saba aliyewahi kupata alama zote pale shuleni. Asubuhi iliyofuata mwalimu mkuu alimsimamisha mbele ya mistari ya wanafunzi, akamshika bega, akasema huyu ndiye atakayeitoa shule mkiani kwenye mtihani wa taifa. Zilikuwa zimebaki wiki sita.

Profesa aliangalia viatu vyake. Alijua alivyozipata. Likizoni mama yake, ambaye ndiye aliyefundisha Hisabati darasa hilohilo, alimletea karatasi ya zamani ya mazoezi. Aliifanya mara tatu, hadi herufi zikamkaa kichwani kama wimbo: B, D, D, A. Siku ya majaribio alipofunua mtihani akakuta ni maswali yaleyale; walioutunga huko wilayani hawakujisumbua kubadilisha hata tarakimu. Akajaza majibu, akamaliza wa kwanza.

Jioni ya siku ile alimweleza mama nyumbani. Mama alikuwa anapepeta mchele, ungo ukasimama.

"Niliutambua mtihani nilipokuwa nasahihisha," akasema. "Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Basi ufunge mdomo. Watasema nimekuvujishia. Nani atakubali kwamba sikujua? Nitafukuzwa kazi, mwanangu."

Dawati lake likahamishiwa mbele kabisa. Jumamosi, wenzake walipokuwa wanarudia masomo nyuma ya madirisha ya nondo, yeye alipewa chaki awafundishe sehemu. Akaandika robo tatu gawanya kwa mbili ya tano, akaigeuza ile ya pili, akazidisha.

"Profesa," akauliza Kimbaumbau, mvulana mwembamba aliyekuwa akikaa naye tangu darasa la kwanza, "kwa nini hiyo ya pili inasimama kichwa chini miguu juu?"

"Ndiyo kanuni."

"Kanuni sawa. Lakini kwa nini?"

Darasa likacheka. Akacheka nao, akafuta ubao wote, hata tarehe.

Walipotoka Kimbaumbau alimfuata hadi bombani. "Na wewe hujui," akasema, bila kumcheka.

Profesa alifungua bomba akanywa, akaendelea kunywa hata kiu ilipokwisha. Maneno yalimfika kwenye ulimi. Akamwona mama dirishani mwa ofisi ya walimu, akayameza.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nimechoka tu."

Kila alasiri mama alimkalisha mezani, akakata vipande vya karatasi, nusu, robo, theluthi, akieleza upya tangu mwanzo. Lakini alieleza haraka, jicho kwenye kalenda, na Profesa aliitikia "nimeelewa" kabla hajaelewa, ili mama apumue. Usingizi ukampungua. Chakula akawa anakichokonoa tu.

Mtihani wa taifa ulipofika, maswali yote yalikuwa mageni. Alifanya aliyoyaweza, mengine akachagua herufi kwa kubahatisha. Matokeo yalipokuja, alikuwa amepata kumi na tisa. Kimbaumbau alipata ishirini na sita.

Mwalimu mkuu akamwita yeye na mama ofisini. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyepotelewa na kitu, anauliza kila anayepita.

"Binti yangu, siku ile uliumwa?"

Profesa alimgeukia mama. Mama alikuwa amezishika funguo za kabati kwa mikono miwili, midomo imebana.

"Ndiyo, mwalimu," akasema Profesa. "Nilikuwa na homa."

"Nilijua tu." Uso wa mwalimu mkuu ukakunjuka. Akavuta karatasi. "Basi hatutakuacha upotee. Mkuu wa sekondari ni rafiki yangu. Wana darasa la watoto wenye kipaji cha Hisabati, wanafundishwa mpaka jioni, miaka minne. Nitamwandikia leo hii."

"Tunashukuru sana, mwalimu," akasema mama.

Kalamu ikaanza kukwaruza. Mama alinyoosha mkono kumshika bintiye, lakini Profesa alikuwa ameshaificha mikono yake mifukoni mwa sweta, akisubiri barua iishe.